Vipimo vya sukari na bakteria kwa mjamzito katika maabara za Mombasa: kipi cha kulipia, na uulize nini kwanza

Mjamzito mwenye sukari, au anayeshukiwa kuwa nayo, akiingia maabara ya binafsi hapa Mombasa hutolewa damu na kuombwa mkojo. Wiki za mwisho, daktari wake akitaka, huchukuliwa pia sampuli kwa kijiti cha pamba kutafuta bakteria aitwaye streptokoka wa kundi B. Tumevipitia vipimo hivi vitatu kama huduma ya kulipiwa. Bei hutofautiana, hivyo hatukuzitia maksi. Tulichokiangalia ni namna sampuli inavyoshikwa, maana majibu mengi huharibikia hapo, tena katika joto hili letu.

Sukari ya damu ikipanda, kinga ya mwili hupungua makali, na sukari nyingine hutoka na mkojo. Hapo bakteria na fangasi hupata pa kushamiri. Tafiti kadhaa zimewakuta wenye kisukari cha tangu kabla ya mimba wakimbeba streptokoka huyu zaidi kuliko wenzao. Kwa kisukari kilichoanza na mimba, matokeo yanagongana. Hapa Pwani kwenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliangalia karibu wanawake 8,000 waliofika kujifungua na kumkuta kwa takriban 12 katika kila 100. Mama mwenyewe kwa kawaida hasikii lolote. Anayeumia ni mtoto, ambaye anaweza kupata sumu ya damu, nimonia au homa ya uti wa mgongo, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza ya maisha yake.

Tuanze na sukari. Kwa ambaye hajajulikana kuwa na kisukari, kipimo cha kulipia ni kile cha glukosi gramu 75, kati ya wiki ya 24 na ya 28. Usiku mzima bila chakula, angalau saa 8, maji matupu ruhusa. Asubuhi damu ya kwanza hutolewa, kisha glukosi huyeyushwa katika maji ya mililita 250 hadi 300 na kunywewa ndani ya dakika 5. Damu ya pili baada ya saa moja, ya tatu baada ya saa mbili, na saa hizo huhesabiwa tangu kuanza kunywa. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kisukari cha mimba ni 5.1 au zaidi tumbo likiwa tupu, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, zote milimoli kwa lita. Namba moja ikivuka, yatosha. Maabara itakayokutoa damu mara moja tu na kukuambia uko sawa haijakufanyia kipimo hiki. Ukitapika kabla ya saa mbili kwisha, kipimo kimekufa. Rudi siku nyingine.

Kasoro kubwa zaidi huioni kwa macho. Damu ikikaa kwenye mrija bila kutenganishwa, chembe zake huendelea kula sukari, asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la chumba. Mwenye 5.3 ya kweli, mrija wake ukikaa saa moja mezani, aweza kuandikiwa 5.0 na kwenda nyumbani akiambiwa ni mzima. Mrija wa kifuniko cha kijivu una dawa ya kuzuia jambo hili, lakini dawa hiyo huchukua zaidi ya saa moja kushika sawasawa. Kwa hivyo uliza mambo mawili: je, mirija huwekwa kwenye maji ya barafu mara tu damu inapotolewa? Je, mashine ya kutenganisha damu iko papo hapo, au sampuli hupelekwa tawi jingine? Kituo cha kukusanyia kilicho Likoni na maabara yake kisiwani, huku katikati kuna foleni ya feri, hatukipendekezi kwa kipimo hiki hata kikiwa mlangoni pako.

Na Ramadhani isichanganywe na kipimo. Mwenye kula daku saa kumi alfajiri hajatimiza saa 8 hadi adhuhuri, na glukosi yenyewe itamfunguza. Achague siku ambayo hafungi.

Kalcha ya mkojo, yaani kuotesha bakteria waliomo ili waonekane, ndiyo tunayoipa maksi za juu. Ni kipimo chepesi, na kinakamata maambukizi yasiyo na dalili, ambayo yakiachwa hupanda hadi kwenye figo. Jisafishe, acha mkojo wa mwanzo uende, kinga wa katikati kwenye chupa safi ya maabara. Ufike ndani ya saa 2, au ukae kwenye friji usizidi saa 24. Ukichelewa, bakteria huongezeka chupani na jibu hupotosha. Kile kijikaratasi cha rangi cha kliniki hakichukui nafasi ya kalcha. Wala sukari kwenye mkojo haithibitishi kisukari, kwa sababu figo za mjamzito huvujisha sukari hata damu ikiwa sawa. Kalcha ikionyesha streptokoka wa kundi B kwa kiasi chochote, hakuna haja tena ya kijiti: mama huyo anahesabiwa mbebaji na atapewa dawa wakati wa uchungu.

Kijiti chenyewe ndicho chenye mambo. Si kipimo cha kawaida katika kliniki zetu, kwa hivyo si kila maabara inajua kukifanya. Wakati wake ni wiki ya 36 hadi 37, kwa kuwa jibu hudumu kama wiki 5 tu. Kijiti hupitishwa sehemu ya chini ya uke, kisha kijiti kicho hicho huingizwa kidogo kwenye njia ya haja kubwa, kupita msuli wa mlango wake. Huko utumboni ndiko makao ya bakteria huyu. Ukiona kifaa cha kupanulia uke kinatayarishwa ili kijiti kifike juu, sema mapema: hiyo ni sampuli nyingine kwa kazi nyingine, na streptokoka atakosekana hata kama yupo.

Sampuli ikifika maabara, lazima kwanza ilazwe kwenye mchuzi maalumu wenye viuavijasumu vinavyowazuia bakteria wengine, saa 18 hadi 24, ndipo iotesheshwe kwenye sahani ya damu. Wanaoruka hatua hiyo huwakosa wabebaji wengi. Jibu la asubuhi kwa jioni halikupitia mchuzi huo. Kama penisilini inakudhuru kwa mzio, mwambie fundi aliandike kwenye fomu, ili bakteria akiota apimwe pia ni dawa ipi nyingine itakayomuua.

Jibu likiwa chanya, usikubali kuuziwa vidonge vya kumaliza bakteria kabla ya uchungu. Hurudi. Kinachomkinga mtoto ni penisilini ya mshipani uchungu ukianza au chupa ikipasuka: yuniti milioni 5 kwanza, kisha milioni 2.5 hadi 3 kila saa 4, na ya kwanza iwe imeingia angalau saa 4 kabla ya kuzaa. Kwa hiyo jibu liandikwe kwenye kitabu cha mama na mtoto. Karatasi iliyobaki kwenye droo Kisauni haimsaidii mkunga wa zamu ya usiku.

Baadhi ya maabara huongeza kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c). Kwa kutambua kisukari cha mimba, usikilipie: mimba yenyewe, upungufu wa damu na seli mundu, vyote hulipotosha jibu lake.

Ukishajifungua, aliyekuwa na kisukari cha mimba arudie gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12. Safari hii ni mirija miwili tu, tumbo tupu na saa mbili, na mipaka ni ya mtu asiye na mimba: 7.0 na 11.1.