TAHADHARI: Dalali wa "kuhamisha hisa" za ardhi ya urithi, Kisauni na Bamburi

Ndugu zangu wa Mombasa, hasa nyie wenye mashamba ya urithi ya Kisauni hadi Bamburi, kuna dalali anazunguka majumbani akijidai ana mtu wake ofisi ya ardhi. Asema anahamisha hisa ya ndugu mmoja kwenda kwa mwengine bila mahakama wala wakili. Jina silitaji kwa kuwa jambo liko polisi, ila mkimwona mtamjua: mtu mzima, kanzu safi, mkoba wa faili, na kila neno lake lina inshallah.

Kwetu aliingilia kwa shangazi. Shangazi miguu haimpi, hana mtoto, akataka fungu lake kwenye shamba la marehemu babu limwendee mtoto wa kakake anayemtunza. Ndugu wote waliridhia. Dalali akamwambia, "Bi mkubwa, usihangaike na Kadhi, barua ya chifu yatosha." Akabeba hatimiliki yenyewe, si kopi, pamoja na vitambulisho vilivyotolewa kopi, picha za pasipoti na namba za PIN za KRA, mamlaka ya ushuru. Kisha akatoa fomu mbili za uhamisho, akamshika shangazi kidole gumba, akakipaka wino na kukibonyeza. Binamu yangu alikuwa amekaa pembeni: mahali pa jina la anayepewa palikuwa patupu. Alipouliza, akajibiwa kwamba wakili atapiga chapa baadaye.

Fomu yenye kidole chako na pengo la jina ni kama hundi uliyotia sahihi ukaacha kiasi wazi. Haukupita muda, akaja mtu tusiyemjua na mpima ardhi, anatafuta mawe ya mipaka. Asema keshatoa arubuni, na fomu aliyoonyeshwa ina kidole cha shangazi na jina lake yeye.

Pesa nazo zilikuwa zikiliwa kidogo kidogo: leo ya faili, kesho ya mpima, halafu "ushuru wa stempu", zote kwa M-Pesa kwenye namba yake mwenyewe. Risiti aliyoleta ina mhuri wa benki wa tarehe ambayo, ukifungua kalenda, ni Jumapili! Ushuru huo haupiti kwa simu ya mtu. Kwanza mthamini wa serikali akadirie thamani, kisha hati ya malipo itolewe kwenye mtandao wa KRA, ndipo ulipe. Mjini ni asilimia 4 ya thamani, nje ya mji ni 2.

Na hata angekuwa mkweli, kazi aliyoahidi haifanyiki. Hatimiliki ile bado ina jina la babu. Maadamu mirathi haijathibitishwa mahakamani, shangazi ana haki ya urithi, lakini hana hisa iliyosajiliwa ya kumpa mtu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla ya uthibitisho huo, na kuichezea mali yake bila idhini ni kosa la jinai. Barua ya chifu husaidia kutambulisha warithi, basi. Waislamu mafungu tunayapata kwa Kadhi, na hapo gharama, nawaambia, haikaribii kile alichokula dalali.

Mkishaandikishwa kila mtu na hisa yake, kumpa mwenzako aliyemo kwenye hati ni rahisi. Kumpa asiyekuwemo, hata akiwa mtoto wa ndugu yenu, kunahitaji ridhaa ya maandishi ya wenye hisa wengine. Dalali akikwambia ridhaa si lazima, mwonyeshe mlango.

Wa Majengo wenye nyumba bila ardhi, nanyi angalieni. Nyumba ni yenu, ardhi ina mwenyewe mnayemlipa kodi. Nasikia huko anaahidi kuwatolea "hisa ya kiwanja". Hisa gani, ya kiwanja cha mtu?

Sisi tumeripoti polisi na kuomba zuio kwenye rejista ili pasipite uhamisho wowote. Hatimiliki hajarudisha, anasema iko kwa wakili, na wakili huyo hana ofisi. Kuomba nyengine ni lazima tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 60 zipite.

Kama keshachukua karatasi zenu, nendeni mkafanye sachi ya kiwanja chenu, yaani mkaangalie rejista ya ardhi ina jina la nani, kesho asubuhi, msingoje simu yake, na ombeni zuio siku hiyo hiyo. Waliomlipa wahifadhi ujumbe wa M-Pesa, wasifute hata mmoja. Afisa anayeshughulikia kesi yetu anataka walalamishi wengine, kwa hiyo niandikieni faraghani niwape namba ya ripoti muitaje mkifika kituoni.