Siku ya mwisho Istanbul: sokoni asubuhi, hamam jioni

Ndege yetu ilikuwa usiku, basi mimi na mume wangu tukasema leo ni soko na hamam, yaani bafu la umma la Kituruki, tu. Tulianzia Mısır Çarşısı pale Eminönü, soko la viungo la tangu miaka ya 1660, na jamani ile harufu! Iliki, mdalasini, karafuu, nikajiona niko sokoni Darajani, Zanzibar, kabisa. Wauzaji wanakukatia kipande cha lokumu (kitamutamu laini cha Kituruki) ya pistachio uonje bure, ila bei ya kwanza msikubali, kuna mmoja alitutajia bei ya zafarani tukaondoka, hatua 3 tu akatuita kwa nusu yake. Kapalıçarşı, lile soko kubwa lenye paa, tuliikosa maana Jumapili inafungwa, pangeni siku vizuri.

Tukapanda tramu ya T1 hadi Çemberlitaş, hamam ya mwaka 1584, kazi ya Sinan, msanifu majengo maarufu wa enzi za Waosmani. Wanaume kwao, wanawake kwao, kwa hiyo tuliachana mlangoni. Unalala kwenye jiwe kubwa la marumaru, la moto kiasi, juu kuna kuba yenye vitundu vinavyoingiza mwanga, halafu anakuja mama na glavu yake ya kusugulia, weee, taka zilitoka kama tambi na mimi naoga kila siku! Kisha anakufunika povu zito mpaka shingoni, anakumwagia maji, unahisi kama umezaliwa upya. Bei iko juu lakini ningelipa tena. Bebeni nguo ya ndani ya kubadilisha na msile mkashiba kabla. Mume wangu alisinzia kwenye tramu ikabidi nimwamshe.