Nilivyomsimulia shangazi The Handmaid's Tale

Nakala yangu ni ya mtumba, niliinunua Kampala kando ya barabara kwa shilingi 15,000. Jalada limechakaa lakini kurasa zote zipo. Margaret Atwood alikitoa kitabu hiki cha hadithi mwaka 1985. Mimi nimekisoma juzi tu, siku nne, nikiwa kwa shangazi yangu Bwera, huku mpakani na Kongo.

Wengi hukizungumzia kwa sababu ya mavazi mekundu na wanawake wanaolazimishwa kuzaa. Mimi yalinigusa mabango ya maduka. Katika Gilead, nchi ya kubuni ya kitabu hiki, mwanamke haruhusiwi kusoma, kwa hiyo maneno yamefutwa, duka linajulikana kwa mchoro. Hata vikaratasi vya kununulia chakula vina picha: mayai, jibini. Ukihukumiwa mara ya tatu kwa kosa la kusoma, unakatwa mkono.

Hapo niliinua macho nikamwona shangazi akipanga samaki wakavu wa kupeleka soko la Mpondwe. Naye hajui kusoma; kutambua vitu kwa picha na rangi ndiyo maisha yake tangu utoto. Dawa ya presha anaijua kwa rangi ya pakiti. Siku pakiti ilipobadilika, alikaa wiki nzima bila kumeza, akidhani si yake. Ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu, humwita kijana wa jirani amsomee, na namba ya siri anayo kijana huyohuyo. Mwaka jana pesa za samaki zilipungua, akashindwa hata kuuliza. Babu alimtoa shule darasa la pili ili karo imtoshe kaka yake. Kaka huyo ni baba yangu. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza nchini Uganda mwaka 1997, shangazi alikuwa mama wa watoto wanne.

Kisa kinarukaruka, leo na zamani vinachanganyika, na sura za mwanzo zinataka subira. Vumilia ufike usiku ule Kamanda, mkubwa mwenye nyumba, anapomwita ofisini kwa siri Offred, mwanamke anayesimulia kisa. Anategemea mabaya, kumbe mzee anataka wacheze Scrabble, mchezo wa kupanga vipande vya herufi viwe maneno! Offred anavyozishika zile herufi, anatamani kuzitia mdomoni kama peremende. Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Na asiniambie mtu kwamba ni mambo ya kubuni: Afghanistan wasichana wamefungiwa sekondari tangu 2021, na vyuo vikuu tangu Desemba 2022.

Jioni nilimsimulia shangazi kwa Kiswahili, naye anachambua maharage. Mavazi hakuyauliza.

“Hao wakubwa, vitabu wamevichoma vyote?”

“Hapana, shangazi. Ofisi ya Kamanda imejaa vitabu. Na Biblia ya nyumbani anaifungia kwenye sanduku, anawasomea yeye.”

Mikono ikasimama juu ya ungo.

“Basi utamu wake wanaujua.”

Akarudi kwenye maharage, akaniambia niendelee.