Fundi wa Langoni aliyeirudisha VPN yangu

Naandika hesabu za kampuni moja ya Uholanzi, na naziandikia hapa hapa Lamu, chumba cha juu, nyumba ya marehemu bibi yangu Mkomani. Vitabu vyote vya hesabu viko kwenye seva yao, na mlango wa kuingilia ni mmoja tu: VPN, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti mpaka kwenye seva hiyo. Mlango huo ukigoma sina kazi, na mimi nalipwa kwa saa. Siku kumi na moja uligoma. Kwa hiyo haya nawaandikia wenzangu wa kazi za mbali, wa hapa mjini na wa Shela, ili mjue pa kwenda kabla hamjapoteza nilivyopoteza mimi.

Kisa kilianza nilipobadilisha laini. Nilinunua ruta mpya ya 4G, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, nikaiweka, VPN ikaunganishwa bila shida. Alama ya kijani ikatokea. Lakini nikifungua kitabu cha hesabu, ukurasa unabaki mweupe. Ujumbe mfupi wa ofisini unafika, faili haifiki. Nikapiga simu huduma kwa wateja ya wenye laini. Nikaambiwa nizime ruta niwashe, kisha nikaambiwa ninunue bando kubwa zaidi. Nikanunua. Ukurasa ukabaki mweupe vile vile.

Usiku wa siku ya tano umeme ukakatika mpaka alfajiri. Uliporudi, VPN ikawa haiungani kabisa. Nikampelekea kompyuta kijana mmoja anayesifiwa sana. Hakuniuliza hata swali moja, akaifuta yote akaweka Windows upya. Folda yangu ya nakala za ankara ikaenda na maji. VPN haikurudi. Na kila tovuti nikiifungua inaleta onyo jekundu la usalama, naye ananiambia nibonyeze tu niendelee. Mpaka leo nikikumbuka nasikia uchungu, maana mtu anayeshika mashine yenye hesabu za watu hastahili kusema hivyo.

Ndipo mke wa kaka yangu akanielekeza kwa ami huyu, fundi mwenyewe. Kibanda chake kiko kwenye kichochoro upande wa Langoni, ukitoka uwanja wa Mkunguni unaifuata njia kuu kidogo kisha unaingia mkono wa kulia. Hakina kibao. Utamjua kwa rafu ya redio za mashua nyuma yake, kwa sababu ndiyo kazi aliyoanza nayo, na kwa madaftari yake: kila kifaa anachopokea anakiandikia tarehe na ugonjwa.

"Ndoo ukae, mwanangu," akaniambia. "Lisilokwenda nimelisikia. Nambia lipi lafanya kazi."

Swali hilo peke yake lilinipa imani. Nikamweleza kila kitu tangu ile laini mpya. Akaandika mistari miwili tofauti daftarini: ukurasa mweupe, na kutounganishwa. Akaniambia haya ni maradhi mawili na huenda kila moja lina sababu yake. Kwangu mimi lilikuwa tatizo moja lililozidi kuwa baya.

Akanitaka nifungue WireGuard, programu ya VPN tunayotumia, tukatazama hesabu ya kinachotumwa na kinachopokelewa. Upande wa kutuma palikuwa pakipanda: baiti 148, kisha 296, kisha 444, kila baada ya sekunde tano hivi. Upande wa kupokea, sifuri. "Unabisha hodi," akasema, "na mwenye nyumba hajibu." Halafu badala ya kugusa mipangilio, akanyoosha kidole kwenye pembe ya chini ya kioo. Saa. Kompyuta yangu ilikuwa inasema ni Januari ya mwaka 2019.

Kumbe ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara, kama kitufe cha koti, inayoendesha saa mashine ikiwa imezimwa. Yangu ilikufa, na betri kubwa nayo ilikuwa imechoka, hivyo umeme ulipokatika usiku ule saa ikarudi miaka nyuma. Mimi siangalii saa ya kompyuta, naangalia ya simu. Ami akanieleza kwamba hodi ya WireGuard inabeba muda ndani yake, na seva inakumbuka muda wa hodi ya mwisho kutoka kwa kila mteja. Ikija hodi yenye tarehe ya nyuma, inaidhania ni ya zamani iliyonakiliwa na mwizi, inainyamazia. Haikatai wala haiandiki kosa popote. Na yale maonyo mekundu ya tovuti, mzizi wake ulikuwa huo huo: vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa kompyuta yangu vilikuwa havijaanza.

Akaweka betri mpya, akasawazisha saa, na hodi ikajibiwa papo hapo. Mimi nikashika mkoba kuondoka. Akanizuia. Akauliza, "Na ukurasa mweupe?"

Hapo akanituma nyumbani kuleta ruta yenyewe na chaja yake. Kwenye intaneti ya simu yake vitabu vya hesabu vilifunguka. Kwenye ruta yangu, weupe ule ule. Maana yake seva ya Uholanzi ni nzima, kompyuta ni nzima, na kasoro iko njiani. Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika ping, amri inayotuma pakiti (kifurushi kimoja cha data) na kungoja jibu, yenye sharti kwamba pakiti isikatwe vipande, akawa anabadilisha ukubwa. Baiti 1472: kimya, muda umekwisha. 1400: kimya. 1350: jibu. 1380: kimya. 1372: jibu. 1373: kimya. Akazungushia duara 1372, akaongeza 28 za vichwa vya pakiti, yaani anwani na maelezo yanayoitangulia, akapata 1400.

Wakati anaandika akapita punda na shogi mbili za mchanga, ile mifuko ya mgongoni, sote tukabana ukutani ili apite. Ami akanionyesha. Njia ya kawaida ya intaneti hupitisha mzigo wa baiti 1500. Njia ya laini yangu mpya ilikuwa nyembamba zaidi, inapitisha 1400 tu. WireGuard hujipimia 1420 ikidhani njia ni pana, kisha yenyewe inaongeza bahasha yake juu: baiti 60, au 80 kwa anwani za mtindo mpya wa IPv6. Kwa hiyo punda asiyebeba kitu anapita, ndiyo ule ujumbe mfupi. Mwenye shogi zilizojaa anakwama. Na kwa kawaida kifaa cha njiani kinatakiwa kurudisha habari kwamba mzigo ni mkubwa mno, upunguzwe, lakini habari hiyo kuna mahali inazuiwa, basi mtumaji anakaa anangoja tu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye mipangilio: MTU = 1320, yaani mzigo mkubwa kabisa uwe 1400 toa 80. Lakini hakuugusa. Alinitaka kwanza nimpigie mtu wa mitambo wa kampuni, aridhie, kwa kuwa mashine ni ya kazi. Wenzangu hao hufungua ofisi saa tatu asubuhi ya kwao, na msimu wa kaskazi kwetu huwa ni saa tano, kwa hiyo tulikaa tukingoja kwa kahawa tungu. Akaridhia. Nikauandika mstari mwenyewe, ami akiwa amekigeuzia kioo mgongo, kwa sababu faili lile lina ufunguo wa siri na hakutaka hata kuuona. Paswadi pia niliandika mwenyewe. Niliingia kwenye kitabu cha Desemba, kikafunguka chote, na machozi yakanilenga pale kibandani.

Kesho yake alikuja nyumbani, kwa hiari yake, kuangalia waifai. Ruta nilikuwa nimeiweka kwenye kidaka cha chumba cha ndani, pazuri, katikati ya vikombe vya bibi. Ukuta wa mawe ya matumbawe wenye unene wa karibu nusu mita umeizunguka pande zote. Akaihamishia dirishani, juu, inakotazama kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Simu ambayo ilikuwa inashika alama moja msanani, ukumbi ulio kando ya ua, sasa inashika tatu.

Bei: betri na kazi yote, pamoja na kuja nyumbani, shilingi 1,800. Yule wa kwanza alinitoza 2,500 kwa kunifutia mafaili.

Kasoro zake nazo nizitaje. Simu hapokei akiwa na kifaa mkononi, unaweza kupiga mara sita. Adhuhuri anafunga na harudi mpaka baada ya alasiri, na kwa sisi ambao Ulaya ndiyo kwanza inaamka saa hizo, ni muda mbaya. Risiti hakupi mpaka uombe. Nafasi ya kukaa ni benchi moja, ukikuta watu wawili unasimama njiani. Na haharakishi, mwenye haraka atakereka. Mimi kwa upande wangu, polepole ile ndiyo iliyoniponya.

Ukienda, chukua kompyuta, ruta na chaja zake zote mbili, na uwe na namba ya mtu wa mitambo wa kazini kwako. Bila huyo kuridhia, ami hagusi kitu.