Safari za msituni kutoka Bukavu: uliza kwanza saa ya kuingia

Kiangazi kinapokaribia, familia nyingi za Bukavu zinazopokea ndugu kutoka Ulaya au Kinshasa huanza kutafuta safari ya kwenda kutazama wanyama wa msituni, na likizo ikiisha malalamiko huwa yaleyale: tulilipa ili tuone sokwe, tukaoneshwa miti. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ajensi iliwachukua nyumbani saa mbili asubuhi, wakapanga foleni mpakani Ruzizi huku kila pasipoti ikikaguliwa, wakafika Gisakura, kando ya msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, karibu na adhuhuri. Walichokiona ni viota vitupu juu ya miti na kinyesi cha jana yake. Walipodai fedha zao walijibiwa kwamba wanyama hawana saa.

Jibu hilo si kweli, na ndiyo sababu sitatumia nafasi hii kupima hoteli, magari wala chakula cha mchana, mambo ambayo kila tangazo huyataja. Ninazipa safari hizi nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa kipimo kimoja ambacho wanunuzi karibu wote hukisahau, nacho ni saa ambayo miguu yako itaingia msituni. Sokwe hulala katika viota wanavyojitengenezea kila jioni, na alfajiri hushuka na kwenda zao. Mfuata nyayo hodari hujitahidi kuwa chini ya viota hivyo kabla hawajaondoka, kwa maana wakishavuka mabonde mawili matatu, mgeni hawezi kuwafikia tena kwa miguu. Gorila naye hutengeneza kiota kila usiku, lakini ni mzito, hatembei mbali kwa siku, na huacha nyuma yake njia ya majani yaliyovunjwa na mabua yaliyotafunwa. Katikati ya mchana familia yote hupumzika. Kwa hiyo safari ya gorila huvumilia kuchelewa kidogo, ilhali safari ya sokwe haivumilii kabisa.

Kwa kipimo hicho naiweka Tshivanga mbele ya zote, wala sifichi kwamba naipendelea. Ni mlango wa Mbuga ya Kahuzi-Biega, kama kilomita 35 kutoka mjini kwa njia ya mji mdogo wa Miti, bila mpaka wa kuvuka, na mtu aliyelala nyumbani kwake Bukavu anaweza kuwa hapo asubuhi. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1970, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Gorila wake ni wale wa Grauer, ambao hawapatikani porini popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo, na ni humo humo ambamo Mbelgiji Adrien Deschryver, mwanzilishi wa mbuga hiyo, aliwazoesha gorila kuwaona binadamu, miaka mingi kabla ya ajensi zetu za leo kuzaliwa. Wafuata nyayo huanzia mahali ambapo kundi liliachwa jana yake, hawabahatishi. Vaa soksi ndefu juu ya suruali, chukua koti la mvua hata katika mwezi wa Julai, na kama una mafua, ahirisha safari, kwa kuwa maradhi yetu ya kifua huwaua gorila.

Sharti ni moja: usalama. Tangu vita vilipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, swali la kama njia ya Miti inapitika na kama mbuga inapokea wageni huulizwa wiki ileile ya safari, na huulizwa kwa wenyeji wa barabara hiyo, si kwa muuzaji. Njia ikiwa haipitiki, basi usiende, hata ukipunguziwa bei.

Nafasi ya pili naipa Nyungwe, ng'ambo ya Ruzizi, lakini kwa yule tu atakayelala upande huo wa mpaka. Msitu huo wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000 uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, na una sokwe pamoja na makundi makubwa ya mbega. Ukilala Gisakura, au ukienda Cyamudongo, kipande kidogo cha msitu kilichojitenga na Nyungwe yenyewe, unaweza kuwa chini ya viota mapema. Ukilala Bukavu, huwezi, kwa sababu hutavuka mpaka usiku, na ajensi inayokuahidi sokwe kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja inakuuzia matembezi ya mchana. Matembezi hayo yana raha yake: mbega huonekana hata mchana, na daraja la kuning'inia la Uwinka, lenye urefu wa takriban mita 160, halikimbii. Lakini basi yauzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Mbuga ya Volkano ya Rwanda naiweka ya tatu, tena kwa shingo upande. Kibali cha mgeni kule ni dola 1,500 tangu mwaka 2017 kwa saa moja mbele ya gorila, wakati cha Tshivanga hakifiki theluthi moja ya kiasi hicho. Hapa ndipo wauzaji wetu wanaponiudhi zaidi. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na raia wa nchi za Jumuiya wana bei zao katika mbuga nyingi za jirani. Hata hivyo mama wa Kadutu mwenye pasipoti ya Kongo hutajiwa bei ya Mzungu, na asipouliza, tofauti inabaki mfukoni mwa mtu. Dai kuona risiti ya kibali yenye jina lako na kiasi kilicholipwa. 

Kwa wenye fedha kidogo, au wenye watoto wasiofikisha miaka 15 ambao hawaruhusiwi kwenda kwa gorila, kuna kituo cha Lwiro, kinachotunza tangu 2002 sokwe na nyani waliookolewa kutoka kwa wawindaji. Hapo saa haina neno. Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, nendeni kwa ajili ya ziwa.

Mbuga ya Virunga sijaipa nafasi. Ilifungwa kwa wageni mwaka 2018 baada ya utekaji nyara, ikafunguliwa 2019, ikafungwa tena 2020 kwa sababu ya korona, na kila mara aliyekuwa amelipa mapema alihangaika kutafuta fedha zake. Kwa hiyo popote mnapokwenda, risiti iandikwe saa ya kuingia msituni, mahali pa kulala usiku wa kuamkia siku hiyo, na kiasi kitakachorudishwa njia ikifungwa. Ajensi inayokataa kuandika hayo matatu msiipe arubuni.