Lambrusco di Sorbara: niliidharau bure

Niseme ukweli, mi Lambrusco, ile waini nyekundu ya Italia yenye povu, nilikuwa siitaki hata kuisikia. Chupa ya kwanza niliyoonja ilikuwa tamu kama soda ya zabibu, glasi nusu tu kichwa kikaanza kugonga nikasema basi. Kumbe ile ndo aina iliyojaa sana Marekani miaka ya 70 na 80, nyepesi, tamu, ya bei poa, mpaka jina zima likachafuka. Wenyewe kule Emilia, kaskazini mwa Italia, mezani wanaweka kavu, yaani isiyo na utamu.

Nimekuja kuelewa nilipokuwa Modena, mji wa huko huko Emilia, kwenye mgahawa mdogo wa familia. Mhudumu hata hakuuliza, akaniwekea Sorbara, aina mojawapo ya Lambrusco, secco yaani kavu, ya baridi. Rangi yake nyekundu iliyopauka karibu na pinki, povu likapanda mpaka juu ya glasi likashuka fasta, harufu kama stroberi. Nikajua tu itakuwa tamu. Kupiga funda la kwanza, weee, uchachu mpaka nikakunja uso! Ikinywewa peke yake sikuipenda na bado siipendi hivyo.

Sasa ngoja chakula kije. Wakaleta gnocco fritto, vimaandazi fulani bila sukari, kwa kawaida vinakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, vimevimba ndani upepo mtupu. Unakipasua kikiwa cha moto, unalaza juu yake kipande chembamba cha prosciutto, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, yale mafuta meupe ya pembeni yanaanza kuyeyuka mpaka yanakuwa kama kioo, vidole vyote vinang'aa. Unakula, unashushia na Sorbara, mdomo unakuwa msafi kabisa kama ndo kwanza umekaa mezani. Kitimoto, siagi, jibini, kila kitu huko kina mafuta, ukinywa waini nzito sahani ya pili huiwezi. Ule uchachu na povu ndo kazi yake hiyo. Na mortadella, soseji kubwa ya nguruwe, pia inaenda, na jibini la Parmigiano lililokaa miezi 24, lile linalokatika kwa kumeguka, ndo usiseme.

Lambrusco siyo zabibu moja, ni ukoo mzima. Grasparossa, ya vilima vya Castelvetro kusini mwa Modena, ni nyeusi zaidi na ina ukakasi unaokamata ulimi. Hiyo mi naiachia zampone, ngozi ya mguu wa nguruwe iliyojazwa nyama ya kusaga, inaliwa na dengu hasa mwisho wa mwaka. Salamino iko katikati, vichala vyake vimebana virefu kama soseji ndogo, jina limetoka huko. Halafu hii imenichekesha, ua la Sorbara haliwezi kujichavusha vizuri lenyewe, kwa hiyo wakulima wanapanda Salamino karibu ili isaidie, yaani bila jirani hakuna mavuno.

Malalamiko yapo. Sehemu nyingine niliagiza Grasparossa wakaleta ya vuguvugu, kizibo kutoka tu povu likaruka mpaka kwenye mkate, na ladha ikawa nzito kama juisi iliyolala. Ipoze nyuzi 12 hivi, Sorbara hata 10. Pia ukikuta chupa ina ukungu na machicha chini usirudishe, ni ile iliyochachukia ndani ya chupa yenyewe kwa njia ya zamani, ina harufu ya mkate kidogo, mi ndo naipenda kuliko zote ila siyo ya kila mtu. Kwenye lebo tafuta neno secco. Amabile na dolce ni tamu, labda na keki.

Ah, na upande wa Mantova wapo wanaomimina Lambrusco ndani ya bakuli la supu ya moto. Nilidhani wananitania. Nikajaribu, supu ikageuka zambarau ya ajabu ajabu, mzee wa meza ya pili ananiangalia tu. Nikalamba bakuli.