Miaka miwili na Navara yenye sanrufu: yaliyomo ndani ya kebini

Pikapu yangu ni Nissan Navara dabo kebini ya mwaka 2017, dizeli ya lita 2.3, iliyotumika Uingereza kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa pili iko mkononi mwangu, na kazi yake kubwa ni njia ya Dar kwenda Njombe aliko mama yangu: Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, Iringa, Makambako, halafu unakata kushoto. Habari za injini na springi zake mtazipata kwa wengine. Mimi nataka kueleza ya ndani ya kebini, hasa sanrufu, kile kidirisha cha paa, kwa sababu ndicho kilichonivutia siku ya kununua na ndicho kilichomuumiza mwanangu.

Sanrufu ya gari hili ni kioo kimoja kilichokaa juu ya viti vya mbele. Kinafanya mambo mawili: kinainua ukingo wake wa nyuma ukapata upenyo, au kinateleza kurudi nyuma mpaka unaliona anga. Chini yake kuna pazia gumu la kuvuta kwa mkono. Nilipoinunua nilidhani nitakuwa nafungua lote kila safari. Siku hizi karibu mara zote nainua ukingo tu. Gari likishinda juani pale Kariakoo, joto lote hukusanyika darini, kwa hiyo nainua paa, nashusha vioo kidogo, nasubiri dakika moja au mbili ndipo nawasha AC. Tofauti unaisikia usoni. Barabara kuu ukifungua lote na mwendo ukakolea, kebini huanza kuvuma, hewa inapiga masikioni mpaka kichwa kinauma. Dawa yake ni kushusha kioo kimoja cha nyuma kidogo, mvumo unakata palepale. Na Kitonga, ukiwa nyuma ya malori yanayojivuta na breki za yale yanayoshuka zinanuka, funga paa na uzungushe hewa ya ndani. Wenye watoto wenye pumu mtanielewa.

Pazia nalo lina kazi yake. Mpwa wangu ana ualbino, na akiwa garini pazia halifunguliwi kabisa, hata kioo kikiwa kimefungwa. Kioo chenye rangi hupunguza mwanga machoni, lakini sehemu ya mionzi ya jua inayodhuru ngozi bado inaweza kupita.

Sasa lile tukio. Betri ilikufa nikiwa Dar, gereji wakaniwekea mpya, nikalipa nikaondoka. Tangu siku hiyo sanrufu ikabadilika: zamani nilibonyeza mara moja inakwenda yenyewe mpaka mwisho, sasa inasogea nikishikilia swichi tu, nikiachia inasimama. Nikaona ni jambo dogo, nikasafiri hivyo hivyo.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Paa lilikuwa wazi. Mwanangu, wakati huo ana miaka saba, alikuwa amevua mkanda na kusimama katikati ya viti viwili vya mbele, mkono ameupandisha akashika ukingo wa paa, anaongea na akina mama wanaouza. Mimi sikuuona ule mkono. Niliona basi kwenye kioo cha pembeni, linakuja na vumbi lake, nikanyoosha mkono juu bila kuangalia, nikashikilia swichi ya kufunga.

"Baba, mkono! Baba!"

Niliachia, nikabonyeza upande wa pili, kioo kikarudi. Ni sekunde chache, lakini mpaka leo naisikia ile sauti ya mota ikiendelea kusukuma huku mtoto analia. Vidole viwili, cha kati na cha pete. Iringa mjini wakampiga picha ya eksirei, mfupa ulikuwa mzima, namshukuru Mungu. Kucha ya kidole cha kati ikawa nyeusi kama zambarau na baada ya wiki kadhaa ikang'oka.

Usiku ule pale nyumba ya wageni ndipo nilipotoa kitabu cha gari kwenye droo ya dashibodi na kukisoma kwa mara ya kwanza. Nawaandikia nilichoelewa, maana kinahusu sanrufu nyingi za umeme, si ya pikapu hii peke yake. Kioo kinachojifunga chenyewe kina kinga: kikikutana na kizuizi kinatakiwa kurudi nyuma. Ila kinga hiyo inategemea kumbukumbu ya mfumo, unaojua paa linaanzia wapi na kuishia wapi, na betri ikichomolewa kumbukumbu hiyo inaweza kufutika. Dalili ndiyo ile niliyoiona na kuipuuza, kwamba paa haliendi tena kwa mguso mmoja. Halafu ukiwa umeshikilia swichi, kioo kinaweza kuendelea kufunga hata kama kuna kitu, kwa sababu gari linachukulia kwamba wewe mwenye mkono kwenye swichi unaona unachokifanya. Na hata mfumo ukiwa mzima, ile nafasi ndogo ya mwisho kabla kioo hakijagusa mpira haihisiwi. Kidole cha mtoto kinaenea hapo.

Kurudisha kumbukumbu hakukuhitaji fundi. Kwa kawaida ni kufunga paa mpaka mwisho na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde kadhaa, lakini hatua zinatofautiana, fuata kitabu cha gari lako. Baada ya hapo nikalijaribu kwa bunda la karatasi za chooni. Kamwe msijaribu kwa mkono, hata wa mtu mzima. Kioo kiligusa, kikarudi.

Nyumbani kwetu sasa kuna utaratibu. Kabla ya kugusa swichi nasema, "Paa linafungwa, mikono!" Kila mmoja anaweka mikono mapajani na kujibu, "Tayari." Nikikosa jibu moja sifungi, na kichwa nageuza nikaangalie. Nikishuka hata kwa kununua maji nazima gari na kuondoka na ufunguo, nikikumbuka kwamba magari mengi huacha umeme wa vioo na paa ukifanya kazi kwa muda mfupi baada ya kuzima.

Mikumi ndiko kwenye mtihani. Barabara ya TANZAM, ile kuu ya Dar kwenda Zambia, inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na wanyama unawaona bila kulipa kiingilio: twiga, pundamilia, swala, ukibahatika tembo. Watoto wote duniani wakiona tembo na paa lipo wazi watakuomba kitu kimoja. "Baba, nisimame kidogo tu." Hapana. Hata ukienda kilomita 50 tu kwa saa, hiyo ni mita 14 hivi kila sekunde. Twiga akikatiza ukakanyaga breki, aliyefunga mkanda anashikwa kifuani na kiunoni. Aliyesimama paani hashikwi na kitu. Ule ukingo wa bati unamkuta tumboni au mbavuni. Gari likipinduka, sitaki hata kuandika. Wengine husema mbona magari ya watalii yanafungua paa na watu wanasimama. Yale yametengenezwa kwa kazi hiyo, yana vyuma vya kushikilia, na wageni husimama gari likiwa limetulia au linatambaa ndani ya hifadhi, si kwenye barabara kuu yenye mabasi na malori ya Tunduma. Tena kuna nyani. Wamezoea chakula kinachorushwa na abiria, wanakaa kabisa kandokando ya lami. Ukisimama na paa wazi umewafungulia mlango.

Harusini ni hivyo hivyo. Mwaka jana binamu yangu aliolewa Njombe, kamati ikapanga pikapu yangu itangulie msafara na mpiga picha ajitokeze juu ya sanrufu na kamera yake. Nikakataa. "Kaka, ni mwendo wa kinyonga, dakika kumi tu," mpiga picha akaniambia, na wazee wakaanza kuniangalia kama nimeingiwa na kiburi. Nikamwomba atangulie, asimame pale mteremko wa kanisani, nikamuahidi nitapita taratibu kadiri atakavyo. Alipiga zake kutoka pale chini, msafara wote unashuka, mashada yanaonekana, na picha hiyo sasa imetundikwa sebuleni kwa shangazi. Mkialikwa kutoa gari kwa harusi, hilo lisemeni mapema kwenye kikao, msingoje asubuhi yenyewe.

Jambo la pili ambalo hakuna aliyenieleza wakati nanunua ni maji. Watu hudhani sanrufu inazuia maji kwa mpira peke yake. Sivyo. Maji kidogo hupita, yanaangukia kwenye mfereji unaozunguka kioo, na kwenye pembe za mfereji kuna vijitundu vilivyounganishwa na mipira myembamba inayoshuka ndani ya nguzo za gari mpaka nje huko chini. Vumbi jekundu la Njombe likichanganyika na majani ya msindano, vijitundu vinaziba. Masika yangu ya kwanza nikaona doa la rangi ya chai kwenye kitambaa cha dari karibu na kioo cha mbele, kisha zulia la upande wa abiria likawa na harufu ya uvundo. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya mpira mpya.

Njia niliyoonyeshwa na fundi mmoja wa Makambako ni hii. Fungua paa lote, futa mfereji kwa kitambaa kibichi, kisha mimina maji kidogo, nusu kikombe, kwenye pembe moja. Inama uangalie chini ya gari. Maji yakitoka haraka, pembe hiyo ni nzima. Yakisimama, chukua mshipi mnene wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, uupenyeze polepole ukizungusha. Usitumie waya, unatoboa mpira. Usipulize kwa kompresa ya tairi, presha inaweza kuchomoa mpira ndani ya nguzo, na hapo utabandua dari nzima kuutafuta. Nafanya hivi kabla ya vuli na kabla ya masika. Mpira wa pembeni naupaka silikoni kidogo; grisi ya kawaida huuharibu.

Viti vya mbele vina kipasha joto. Nilipokuwa Dar nilikiona ni pambo, mpaka Juni nilipofika Njombe na baridi yake. Mama yangu ana kisukari na miguu yake ina ganzi. Nilimwekea kiti kwenye joto la juu kutoka Makambako mpaka nyumbani, nikijiona mtoto mwema. Hakulalamika hata mara moja, kwa sababu hakusikia. Jioni dada yangu akimsaidia kuoga akaona wekundu mpana nyuma ya paja. Joto ambalo wewe unaliona la kawaida, likikaa muda mrefu juu ya ngozi isiyohisi, linaunguza. Kitabu kinaonya hivyo waziwazi kuhusu watu wasiohisi joto vizuri. Sasa nakipasha kiti kabla hajapanda, akikaa nazima, na anajifunika khanga yake miguuni. Wala msitandike blanketi au mto juu ya kiti kilichowashwa, joto linajifungia humo.

Nikiwa kwenye viti: makava. Ni kitu cha kwanza tunachofanya tukinunua gari, na mimi nilishampelekea fundi cherehani vipimo. Kisha nikaona kilebo kidogo ubavuni mwa kiti cha dereva, kimeandikwa AIRBAG. Mfuko wa hewa wa ubavuni umo ndani ya kiti chenyewe, na unatakiwa kupasua mshono wa kiti utoke. Ukivisha kava zito lililoshonwa kuzunguka pande zote, unaweza kuuzuia au kuuchelewesha. Nilifuta oda. Ngozi ya kiti nafuta kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Mengine kwa haraka. Kufuli ya vioo vya nyuma iko mlangoni kwa dereva. Nikiwa na watoto iko imebonyezwa muda wote. Kufuli ya watoto ya milango ya nyuma iko ukingoni mwa mlango, unaiona mlango ukiwa wazi tu. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Boksi la tishu na sanamu za kubandika juu ya dashibodi ya abiria nimeziondoa, mfuko ukifumuka zinakuwa risasi. Jeki na mzigo wowote mzito havikai kebini bila kufungwa. Mtungi wa gesi unakaa nyuma, wima, umefungwa kamba. Na asiachwe mtoto garini eti kwa kuwa paa limeinuliwa. Upenyo ule hauwezi kushindana na jua la Dar.

Gari nalipenda na ningelinunua tena, na sanrufu yake. Ila mkienda kukagua la kwenu, muulizeni muuzaji betri imebadilishwa lini, na muone kama paa linakwenda kwa mguso mmoja. Pigeni tochi kwenye pembe za dari kutafuta madoa, inueni zulia la mbele mnuse. Kisha ombeni kikombe cha maji mmimine kwenye mfereji wa paa. Akikataa, mwachieni gari lake.